Waraka wa Kumpa Fundi Meza

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine, maana nawajua mnavyopenda kutafuta. Ule waraka niliuandika mimi, kwa saa moja, mkono wa kushoto umeshika kikombe cha chai na mkono wa kulia unanakili waraka mwingine kabisa.

Naitwa Tindwa. Ni Afisa Fomu Mwandamizi katika Wizara ya Ufundi, Stadi na Heshima ya Mikono, ya nchi moja ambayo sitaitaja. Si kwamba naogopa. Kuitaja nchi kunahitaji kibali, na anayetoa kibali yuko likizo. Elimu yangu ni stashahada ya utunzaji kumbukumbu, kwa hiyo pale wizarani mimi ndiye niliyesoma kidogo kuliko wote. Hata mlinzi wa getini ana shahada ya pili, ya Usimamizi wa Mageti. Lile geti lenyewe halifungi, lakini ukimuuliza kwa nini halifungi atakujibu vizuri sana, na mifano.

Nchi yetu imesoma, bwana. Hilo tatizo tulikuja kuligundua siku Mheshimiwa Waziri alipokuwa bafuni kwake, sabuni kichwani, maji yakakatika. Akapiga simu. Akaambiwa nchi nzima ina mafundi bomba saba, na mmoja wao anaumwa mgongo. Wataalamu wa sera za maji walikuwepo elfu nne na mia mbili. Mia moja kati yao walifika kwake ndani ya nusu saa, wakapanga foleni nje ya mlango wa bafu, wakamshauri mmoja mmoja akiwa bado na povu.

Kesho yake ikazaliwa Kampeni ya Taifa ya Uanagenzi. Kila fundi achukue mwanagenzi, amfundishe kazi wiki kumi na mbili, mwisho amsainie cheti. Wazo zuri, nasema kweli. Likaletwa mezani kwangu saa tatu asubuhi niliandikie waraka. Ulitakiwa saa nne, kwa sababu saa nne na nusu waandishi wa habari walikuwa wameshaalikwa na maandazi yameshakaangwa.

Sasa kwenye kabati langu hakukuwa na waraka hata mmoja unaohusu mafundi. Kulikuwa na waraka wa wanafunzi wa uhasibu, wale wanaokuja maofisini kufanya mafunzo kwa vitendo. Nikauchukua huo. Palipoandikwa mhasibu nikaweka fundi. Palipoandikwa mwanafunzi nikaweka mwanagenzi. Nikautilia jalada la kung'aa. Mheshimiwa akaliangalia jalada, akasema, "Hii ndiyo kazi," akasaini.

Ndivyo ilivyokuja kuwa sheria kwamba fundi yeyote nchini, ili aruhusiwe kufundisha, sharti awe na meza, kiti kinachozunguka, na trei mbili, moja ya barua zinazoingia na nyingine ya zinazotoka. Na kwamba haruhusiwi kuondoka kwenye meza hiyo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, wala kufanya kazi nje ya saa hizo, maana wizara hailipi saa za ziada, isipokuwa kwa kibali cha Katibu Mkuu, ambacho hutolewa ndani ya siku ishirini na moja za kazi.

*

Uzinduzi ulifana. Kutambulisha wageni peke yake kulichukua dakika hamsini, na tulipomaliza kumtambulisha wa mwisho, wa kwanza alikuwa ameshaondoka.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Lugendo, ambaye ndiye waziri wetu, "mkono ndio uliolijenga taifa hili. Si mkono wangu, lakini ni mkono. Mimi mwenyewe tangu utotoni nilitamani sana kuwa fundi. Bahati mbaya nikafaulu."

Tukapiga makofi.

"Watoto wangu wote watano nimewahimiza ufundi. Ninavyoongea hivi wako ng'ambo, wanasomea namna ya kuwahimiza wengine."

Tukasimama, tukapiga makofi tena.

Kisha akaletewa nyundo juu ya mto wa mahameli. Alitakiwa apigilie msumari kwenye ubao, iwe ishara. Watu wa itifaki walikuwa wameshaupigilia huo msumari tangu jana yake, kwa ajili ya usalama, kwa hiyo kazi ya Mheshimiwa ilikuwa kuugusa tu. Akainua nyundo. Akakosa. Bendi ikapiga wimbo wa furaha.

*

Wa kwanza kuja dirishani kwangu alikuwa dada mmoja wa miaka ishirini na tisa, mrefu, viatu vizuri, bahasha mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fomu za ukurugenzi ni dirisha la nne."

"Nimekuja ya uanagenzi. Ufundi bomba."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Alikuwa bado yupo.

"Una elimu gani, binti?"

"Shahada. Mipango ya Maendeleo."

"Basi umekosea dirisha kweli."

"Sijakosea. Naitwa Siwema. Niandike."

Nikamuuliza nani amemtuma, maana kwetu mtu haji mwenyewe. Akaniambia mwaka jana bomba lilipasuka nyumbani kwao. Mama yake akapiga simu ofisi nane, akapewa namba nane za kumbukumbu. Mwisho akaja Fundi Mshamu wa nyuma ya soko, na vifaa vyake kwenye kiroba.

"Dakika kumi, kwisha," akasema Siwema. "Akanawa mikono, akaondoka. Baba, mimi nimekaa ofisini miaka mitatu. Sijawahi kuona kitu kikaisha."

Nina miaka ishirini na nne kazini. Nikapekua kichwani nikitafuta kitu nilichowahi kukimaliza, nikapata chai.

"Na mama anasemaje?"

"Mama amenitafutia ajira halmashauri. Afisa Mipango Msaidizi. Barua anayo, naripoti tarehe moja mwezi wa nane. Amenipa wiki hizi kumi na mbili tu. Nikipata cheti kilichosainiwa na fundi mwenyewe, ataniacha. Nisipopata, naenda kupanga maendeleo mpaka nistaafu."

"Si mbaya. Utastaafu na heshima."

"Nitastaafu sijui kufunga koki."

Nikamwandika. Nikampigia muhuri. Nilimpigia mihuri miwili, wa pili ulikuwa wa mapenzi tu.

*

Meza za mafundi zilichelewa kidogo. Tuliwaagiza maseremala wazitengeneze, lakini maseremala wote kumi na tisa walikuwa wameshakalishwa kwenye meza zao na hawana kibali cha kutoka. Ikabidi meza ziagizwe ng'ambo.

Ya Fundi Mshamu niliipeleka mwenyewe. Kibanda chake ni kidogo, meza ikagoma mlangoni, tukavunja ukuta, ikaingia. Fundi mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na tatu, mfupi, kapinda kidogo kulia kwa sababu ya kubeba kiroba upande huo. Akaizunguka ile meza mara mbili. Akachuchumaa, akaipapasa miguu, akaigonga na kifundo cha kidole.

"Inavuja wapi?"

"Haivuji, fundi. Ni yako. Ya kukaa."

"Nikae juu ya meza?"

"Nyuma yake."

"Nikifanya nini?"

Nikafungua waraka wangu, nikapitisha kidole. "Hapa haijasema."

"Na lile bomba la Mtaa wa Kinu linalotapika tangu alfajiri?"

"Jaza fomu ya kutoka. Siku ishirini na moja."

"Bwana Tindwa, wewe ushawahi kuyaambia maji yasubiri?"

"Mimi nasimamia fomu tu, mzee wangu."

"Na nikitoka hivihivi?"

"Cheti cha mwanagenzi wako kinafutwa."

Siwema alikuwa amesimama kwenye lile tobo la ukuta, kavaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani. Fundi Mshamu akamtazama, akatazama mikono yake mwenyewe, akakaa. Kiti kikazunguka, kikamgeuza ukutani.

"Nimewapa mgongo," akasema.

"Ni dalili nzuri, fundi. Wakubwa wote huanza hivyo."

*

Kazi yangu ikawa kwenda kila Jumanne kukagua kama amekaa. Nikikuta amekaa, naandika "amekaa".

Lakini mzee yule hakukaa bure. Alimfundisha Siwema ufundi bomba mzima hapohapo mezani, kwa kalamu. Kalamu nyeusi ndiyo bomba kuu, nyekundu ndiyo tawi, vifuniko ndiyo koki. Anamfumba macho na kitambaa, anamwambia, "Fungua tawi, usiguse kuu," na binti anapapasa. Kitu kingine kilikuwa milio. Bomba huwezi kuliona ndani, kwa hiyo lazima ulisikie, na kwa kuwa mabomba yenyewe yalikuwa mbali, fundi akawa anayaiga kwa mdomo.

"Fsss."

"Uzi wa kiungo umelegea," anajibu Siwema.

"Fsss-to-to-to."

"Mpira wa ndani umekufa."

"Kkkkrrrr-pu."

"Hewa."

Kisha fundi ananyamaza, anamtazama tu. Dakika nzima.

"Hapo, fundi, hakuna maji kabisa."

"Huo ndio mlio mbaya kuliko yote. Ukiusikia, kimbia."

Wateja waliofika kibandani na mabomba yao yaliyopasuka waliambiwa waache barua kwenye trei ya zinazoingia. Mji ukaanza kulowa. Mtaa wa Kinu ukawa kijito, Mtaa wa Posta ukawa mto, na bata wakahamia uwanja wa mpira. Redio ikawaomba wananchi waogelee kwa tahadhari. Umeme nao ukaanza visa, maana mafundi umeme walikuwa mezani, na magari yakalala barabarani, maana makanika walikuwa mezani. Wizara ikatoa taarifa kwamba kampeni imefanikiwa kwa asilimia mia moja: kila fundi ana meza. Maombi ya uanagenzi yakafika elfu arobaini na moja. Nilisoma mia tatu ya mwanzo. Wote waliuliza kama kiti kinaegemea nyuma.

Wiki ya kumi nikaenda kukagua nikakuta kimya. Siwema alikuwa anapanga kalamu, hatazami mtu.

"Kuna nini?"

"Muulize fundi."

Fundi Mshamu akasukuma karatasi mbele yangu. Ilikuwa cheti, mahali pa sahihi peupe.

"Siwezi kusaini. Huyu binti ana kichwa na ana sikio. Lakini hajashika bomba. Nitaandika nini, kwamba amehitimu kalamu?"

"Mzee wangu, saini tu. Wenzako wote wanasaini. Yule fundi umeme wa stendi kawasainia ishirini."

"Nyumbani kwako kuna umeme?"

"Upo."

"Basi usiguse ukuta."

Siwema akacheka, halafu macho yakamjaa machozi. "Baba, zimebaki wiki mbili. Mama ameshaninunulia na begi la ofisini. Lina mifuko saba."

"Ya nini yote hiyo?"

"Hata yeye hajui."

Fundi akaegemea mbele. "Ile fomu yangu ya kutoka, Bwana Tindwa. Nikipewa siku moja tu, naenda naye Mtaa wa Kinu, anashika, naona, nasaini. Iko wapi?"

Nilimwambia inafanyiwa kazi. Ilikuwa juu ya meza yangu, chini ya fomu za wengine. Nilikuwa nasubiri Katibu Mkuu, Katibu Mkuu alikuwa anasubiri fundi wa kalamu yake ya wino.

*

Siku ya mwisho ya wiki ya kumi na mbili ilikuwa Ijumaa, na siku hiyohiyo wizara ilifanya Sherehe ya Kuhitimu. Ukumbi ulijaa. Wazazi walialikwa, na mama yake Siwema, Bi Mwanaisha, alikaa mstari wa pili, kalibeba lile begi la mifuko saba mapajani kama mjukuu. Siwema mwenyewe hakuja. Alikuwa kibandani na fundi wake na cheti kisichosainiwa, wanahesabu saa.

Mheshimiwa Lugendo alikuwa amefika ukurasa wa tatu wa hotuba. "Leo hii," akasema, "hakuna tena bomba lisiloheshimiwa katika..."

Dari likapasuka.

Maji yalishuka kama ngoma. Mtu wa itifaki akafungua mwavuli juu ya Mheshimiwa bila hata kumtazama, maana ndiyo kazi yake. Mheshimiwa akaendelea ukurasa mzima wa nne. Tulipoanza kusikia viatu vinaelea, akasimama kidogo.

"Hii ni sehemu ya ratiba?"

Katibu Mkuu akapanda juu ya kiti, akaunda kamati. Kamati ikapanda viti vyake, ikaanza na swali la msingi: haya maji ni ya nani? Kwa mujibu wa mgawanyo wa majukumu serikalini, maji yaliyo chini ya goti ni ya wizara yetu. Yakipita goti ni ya Wizara ya Maji. Yakifika kiunoni ni ya Uvuvi. Ukazuka ubishi, goti la nani. Ikaamuliwa liwe la Mheshimiwa, akakunja suruali, likapimwa. Maji yalikuwa katikati ya ugoko na yanapanda.

"Tuna muda wa kutosha," akasema Katibu Mkuu.

Mimi nikampigia simu Fundi Mshamu.

"Fundi, njoo! Wizara inazama!"

"Niko ofisini," akajibu. "Nilijaza fomu ya kutoka. Nangoja jibu."

"Mzee, ni dharura!"

"Nikitoka cheti cha binti yangu kinafutwa, ulisema mwenyewe. Nimekaa kwenye hiki kiti wiki kumi na mbili kwa ajili yake. Sitakuja kukimbia siku ya mwisho ili wewe ukauke miguu."

Nikakimbilia ofisini kwangu kutafuta ile fomu. Niliikuta inaelea, wino umetoka wote. Lakini waraka wenyewe ulikuwa mkavu, juu ya kabati, kwa sababu ya lile jalada. Nikaufungua. Na kwa mara ya kwanza toka niuandike, nikausoma.

Fundi haruhusiwi kutoka, ndiyo. Mwanagenzi je? Nikateremka na kidole mpaka kipengele cha kumi na nane. Wahasibu, enzi zile, walikuwa na desturi yao, na sidhani kama wameiacha: mwanafunzi akija ofisini kwao, wiki ya kwanza mpaka ya mwisho, kazi yake ni kutumwa chapati. Wakubwa waliona waihalalishe kabisa. Na mimi nilikuwa nimenakili kila neno. "Mwanagenzi anaweza kutumwa chapati na msimamizi wake wakati wowote, mahali popote, na hatahesabiwa kuwa ameacha kazi."

Nikapiga tena simu.

"Fundi, mtume Siwema chapati."

"Nini?"

"Chapati! Mtume chapati!"

"Tindwa, maji yamekufika kichwani?"

"Nisikilize mzee wangu. Mtume chapati hapa wizarani. Aje na kiroba chako."

Nikamsikia anageuza kile kiti, anaita kwa sauti ya kibosi ambayo sikujua anayo: "Siwema! Niletee chapati mbili, wizarani. Chukua na spana, huenda ni ngumu."

*

Alikuja anakimbia, maji yanaruka. Mtu wa itifaki akamuuliza kadi ya mwaliko, Siwema akampa kiroba ashike. Akasimama chini ya tobo la dari, ananyeshewa, akainua simu juu, spika imewashwa.

"Fundi, sikia."

Ukumbi mzima ukanyamaza. *Fsss-to-to-to.*

"Linasemaje?" sauti ya mzee ikauliza kwenye simu.

"Mpira wa ndani umekufa. Kwenye kiungo."

"Sasa?"

"Nafunga kuu kwanza."

"Nani kakwambia kuu liko wapi?"

"Hakuna. Nitalisikia."

Akatoka uani. Sisi tukabaki tunatazamana na Mheshimiwa, ambaye goti lake sasa lilikuwa limeshakuwa la wizara nyingine. Dakika moja, mbili. Ghafla ile ngoma ikapungua, ikawa mvua, ikawa matone, ikaisha. Aliporudi alikuwa na matope mpaka viwikoni na kucha moja imevunjika.

Wizara ya Ufundi haina ngazi. Tukapanga meza, juu yake ile mimbari ya hotuba, juu yake Siwema, simu mfukoni. Mimi na Katibu Mkuu tukashika miguu ya mimbari. Spana ikateleza mara ya kwanza. Mara ya pili ikateleza, ikampiga Katibu Mkuu begani, akasema samahani.

"Fundi, bomba haligeuki."

"Kalamu zilikuwa zinageuka?"

"Zile zilikuwa laini."

"Basi sahau kalamu. Weka uzito wako wote. Usilitazame. Likumbatie."

Akalikumbatia. Likalia, likatoa kutu, likageuka. Akatoa mpira uliooza, akaweka mpya, akazungusha tepu nyeupe ya kuzibia kwenye uzi wa kiungo, akakaza. Akashuka akafungua kuu. Akapanda tena.

"Uliza kama kuna karatasi kavu hapo," fundi akasema.

Karatasi kavu ilikuwa moja tu katika ukumbi wote: ukurasa wa mwisho wa hotuba, uliokuwa chini ya mwavuli. Mheshimiwa akaung'ang'ania kidogo, akautoa. Siwema akaupitisha taratibu kuzunguka kile kiungo, akaushusha, akautazama.

"Kikoje?"

"Kikavu, fundi."

Upande wa pili nikasikia kiti kikizunguka.

"Ukilia, lilia pembeni ya hiyo karatasi, tusije tukashindwa kujua. Halafu njoo nisaini cheti. Kalamu ninazo."

*

Hapo ndipo ilipotakiwa iishe. Lakini Mheshimiwa alikuwa amebaki na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, mmeshuhudia! Na serikali hii haiwezi kumwacha shujaa kama huyu akiwa mikono mitupu. Kuanzia sasa hivi namteua kuwa Mkurugenzi wa Mabomba Yote. Aletewe meza!"

Meza ikaletwa. Bi Mwanaisha akapiga vigelegele mpaka begi likamwanguka.

"Mama," Siwema akamwita kutoka juu ya mimbari, "umeona nilichofanya?"

"Nimeona mwanangu! Ndiyo maana nafurahi. Hutarudia tena!"

"Mheshimiwa," akasema Siwema, "na likipasuka lingine?"

"Utaunda timu."

"Timu ya kufanya nini?"

"Ya kupendekeza."

Kwetu uteuzi haukataliwi. Unashukuriwa. Nilimwona akiitazama ile meza, na kile kiti, ambacho kweli kilikuwa kinaegemea nyuma. Akatazama kucha yake iliyovunjika, halafu akanitazama mimi, kama mtu anayetazama dirisha.

Sijui nilipata wapi sauti. "Mheshimiwa, kwa ruhusa yako. Kipengele cha kumi na tisa."

"Kinasemaje?"

"Mwanagenzi aliyetumwa chapati hawezi kupewa jukumu lingine lolote mpaka azifikishe kwa msimamizi." Ni kweli kimeandikwa. Wahasibu waliwahi kupoteza chapati nyingi sana.

Mheshimiwa akafikiri. "Waraka ni waraka. Nenda binti, zipeleke. Ukirudi meza yako iko hapahapa."

Siwema akachukua kiroba chake kwa mtu wa itifaki, akatoka. Saa tisa na dakika ishirini fundi alimsainia cheti. Kuhusu chapati, hakupeleka, na fundi hakumuuliza. Kwa hiyo kisheria bado ametumwa. Huu ni mwezi wa tisa tangu atumwe.

Ametumwa Mtaa wa Kinu, ametumwa Posta, ametumwa hospitali na shule na kwenye bafu la Mheshimiwa. Bata wamehama uwanja wa mpira kwa hasira. Mafundi wengine walisikia, nao wakaanza kutuma: umeme wanatuma, makanika wanatuma, maseremala wanatuma. Ukipita mjini asubuhi utaona vijana na watu wazima wanakimbia na misumeno na nyaya, ukiuliza wapi, wanakujibu chapati. Wizara ina wasiwasi na takwimu. Imeundwa tume ichunguze kwa nini taifa linakula chapati kiasi hiki na ngano haipungui.

*

Jumamosi iliyopita nilimfuata Siwema huko kwenye mtaro mpya nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nilivaa viatu vya kazi nilivyonunua, vinanibana. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni juu ya ndoo iliyogeuzwa. Bado hamwongeleshi binti yake kwa kuiacha ile meza. Lakini kila mkono ulipotokea juu ya mtaro, Bi Mwanaisha alikuwa ameshaichagua spana inayohitajika na ameiweka kwenye kiganja, kabla mkono haujafunguka vizuri.

"Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Anasikiliza bomba. Usimpigie kelele."

Nikapiga magoti kwenye udongo. Huko chini niliona kisigino kimoja tu cha buti na mwanga wa tochi unaotikisika.

"Fundi Siwema. Ni mimi, Tindwa wa fomu. Nina miaka hamsini na mbili, macho yanaona, mgongo haujambo, na fomu sijaleta. Naomba unichukue."

Nyundo ikagonga mara tatu, ikatulia. Mkono ukatokea, ukapewa spana, ukazama.

"Nianze hata na kushika tochi, fundi?"